The Rock alitoboaje? Ngoja tuifungue hii hesabu ya hela zake taratibu

Ukimuuliza mtu The Rock katajirika na nini atakwambia mieleka, ukimbana kidogo ataongeza na muvi, basi anaishia hapo. Mimi hii habari nimeifuatilia miaka mingi maana Deroki (ndo tulivokuwa tunamuita) nilimjua nikiwa shule ya msingi, tunalipa shilingi 100 tunabanana kwenye banda umiza, TV moja ya inchi 21 watu karibu sitini, deki inaunguruma, mtu wa mbele akisimama anarushiwa ndala, halafu jamaa akinyanyua tu ile nyusi yake moja banda zima linalipuka. Nilikuwa naamini kabisa kwamba kwenye ile mieleka hakuna mwenye hela kama yeye. Kumbe kipindi kile kile sisi tunapiga kelele, aliyekuwa anatajirika kikweli ni mtu mwingine aliyekaa nyuma ya pazia, na hata hilo jina tulilokuwa tunaliimba halikuwa mali yake.

Hilo la jina lishike, maana tutalirudia mpaka mwisho.

Kwanza tuanze na baba yake, bila hapo huwezi kuelewa kwa nini huyu mtu alikuja kufanya maamuzi aliyoyafanya. Dwayne Johnson, ndo jina halisi la The Rock, kazaliwa tarehe 2 Mei 1972 Hayward, California, na ukoo wake ni mieleka kila upande ukigeuka. Baba yake Rocky Johnson, mtu mweusi kutoka Nova Scotia kule Kanada, alikuwa mwanamieleka mkubwa. Mama yake Ata ni mtoto wa Peter Maivia, chifu wa Kisamoa ambae nae alikuwa mwanamieleka, na Maivia alipofariki mwaka 1982 bibi yake Dwayne, Lia Maivia, ndo akabaki anaendesha kampuni ya mieleka ya familia kule Hawaii, mwanamke katikati ya biashara ya wanaume watupu. Mwaka 1983 Rocky Johnson na mwenzake Tony Atlas wakabeba mkanda wa timu za watu wawili wa WWF, kampuni kubwa ya mieleka Marekani, watu weusi wa kwanza kuushika ule mkanda.

Sasa familia kama hiyo si unategemea imeshiba? Sikiliza. Mwaka 1987, Dwayne ana miaka 14, wanaishi Honolulu kwenye kachumba ka kupanga dola 180 kwa wiki. Siku hiyo anarudi nyumbani na mama yake wanakuta mlango umepigwa kufuli jipya na karatasi ya kufukuzwa imebandikwa. Mama akaanza kulia pale pale. Hii stori ameisimulia mwenyewe mara nyingi sana na kila akiisimulia anarudi kwenye kufuli, yaani lile kufuli halijawahi kumtoka kichwani.

Inakuwaje bingwa wa mieleka familia yake inafungiwa chumba cha dola 180? Inakuwa hivi. Mwanamieleka wa Marekani kisheria hajawahi kuhesabiwa kama mfanyakazi wa kampuni, anahesabiwa kama mkandarasi huru, kama fundi umemuita aje apige rangi ukuta akimaliza unamlipa anaondoka. Bima ya afya anajitafutia, hoteli analipa mwenyewe, gari la kukodi kutoka mji huu kwenda ule analipa mwenyewe. Enzi za kina Rocky Johnson walikuwa wanalipwa kwa usiku, kutegemea watu wangapi wamekata tiketi na promota ameamuaje, na ukivunjika mguu maana yake na hela imevunjika. Na ule mkanda unaong'aa sio wa bingwa, ni wa kampuni, anapewa aubebe wakati kampuni inaona kuubeba kwake kunauza tiketi, stori ikibadilika anaurudisha. Rocky Johnson alikuwa na mwili, jina, umaarufu na heshima. Kitu ambacho hakuwa nacho ni umiliki wa chochote kinachoingiza hela akiwa amelala.

Dwayne nae hakutaka mieleka mwanzoni, alitaka mpira wa Kimarekani, ule wa kuvaa helmeti. Akapata nafasi Chuo Kikuu cha Miami, timu ikawa bingwa wa taifa mwaka 1991, baadae akaja Warren Sapp akachukua namba yake na ndoto ya NFL, ligi kuu ya mpira huo, ikaishia hapo. Mwaka 1995 akaenda Kanada kwa Calgary Stampeders, kikosi cha mazoezi, dola 250 za Kanada kwa wiki, akawa analalia godoro aliloliokota jalalani, na kabla msimu haujaisha wakamuacha. Baba yake akaenda kumchukua uwanja wa ndege Miami, njiani kuelekea Tampa kijana akachungulia waleti: noti ya tano, noti ya moja, na chenji. Dola saba kasoro kidogo. Miaka 17 baadae hiyo saba akaja kuipa kampuni yake jina, tutafika.

Hapo ndo akamwambia mzee wake nifundishe mieleka. Mzee hakutaka kabisa, kwa mtu aliyepigiwa kufuli unamuelewa, lakini akakubali akamfundisha. Mwaka 1996 akaanzia Memphis kwa jina la Flex Kavana, anapigana kwenye magulio na kwenye yadi za magari mitumba kwa dola 40 pambano, na Novemba mwaka huo huo akatokea kwa mara ya kwanza kwenye shoo kubwa ya WWF, Survivor Series, Madison Square Garden, New York. Kampuni ikampa jina Rocky Maivia, jina la kwanza la baba na la ukoo la babu. Yeye mwenyewe hakulipenda, alitaka asimame kwa jina lake asionekane kabebwa na wazee, ila ukiwa mgeni unasema ndio.

Mashabiki wakamkataa. Tabasamu kubwa, mtoto mzuri, wakaona anawalazimisha wampende, uwanja mzima unamuimbia afe. Mwaka 1997 akageuka mbaya, akajiunga na kundi la Nation of Domination, akaanza kujiita The Rock, kujisema kwa jina lake kama vile anamzungumzia mtu mwingine, kuwatukana watu wa mji aliofika, na maajabu ni kwamba jinsi alivyozidi kuwadharau ndo walivyozidi kumpenda. Novemba 1998 akawa bingwa wa WWF. Alikuwa na miaka 26.

Malipo hapo yalikuwaje? Kwa wakubwa mfumo ulikuwa umeboreka kidogo kuliko enzi za baba yake. Mwanamieleka anakuwa na kiwango cha chini ambacho kampuni inamhakikishia kwa mwaka, juu yake anapata kipande cha mapato ya mapambano makubwa ya kulipia kwenye TV, na mrabaha kwenye bidhaa zenye sura yake, fulana, midoli, gemu za video. Kwa hiyo fulana ikiuzwa anapata kitu, lakini kitu kidogo, sehemu kubwa inabaki kwa mwenye jina. Na mwenye jina ni WWF. Haya maneno yote aliyokuwa anayatoa mdomoni na uwanja wa watu elfu ishirini unayarudia kwa pamoja, kampuni ilikuwa inayasajili kama alama ya biashara.

Halafu Oktoba 1999 ikatokea kitu ambacho sisi kwenye banda hatukuwa na habari nacho kabisa. WWF ikaingia soko la hisa, hisa moja ikaanza kuuzwa dola 17, na Vince McMahon mwenye kampuni siku hiyo utajiri wake kwenye karatasi ukavuka dola bilioni. Fikiria sasa, kilichofanya wawekezaji wazigombanie zile hisa ni nini kama sio The Rock na Steve Austin na wenzao wanaojaza viwanja kila wiki? Jasho lao likapimwa, likapewa bei, likauzwa, na umiliki ukabaki kwa mwenye karatasi. Simsemi McMahon hapa, aliweka mtaji wake na akabeba hatari, na ndivyo mikataba ilivyokuwa. Nasema tu kwamba The Rock yule tuliyekuwa tunamuona kwenye kioo mwaka 1999, pamoja na umaarufu wote ule, alikuwa bado yupo upande ule ule wa meza aliokaa baba yake, tofauti ni kwamba sahani yake ilikuwa kubwa zaidi.

Muvi zikaja. Mwaka 2001 akapata kasehemu kadogo kwenye The Mummy Returns, na 2002 wakampa muvi yake nzima, The Scorpion King, kwa dola milioni 5.5, rekodi ya Guinness kwa mtu anaeigiza kama staa mkuu kwa mara ya kwanza. Angalia lakini mwisho wa zile muvi zake za mwanzo, majina yakipita: The Scorpion King, The Rundown ya 2003, Walking Tall ya 2004, utakuta Vince McMahon kaandikwa mtayarishaji mkuu. Alifuata nini mule? Jina. Muvi ilikuwa inauzwa kwa jina The Rock, jina ni la kampuni, basi mwenye kampuni lazima awepo kwenye karatasi. Yaani hata alipotoka ulingoni akaenda Hollywood jina lilimfuata na mwenye jina akamfuata.

Mwisho wa 2004 mkataba wake na WWE (walishabadilisha jina kutoka WWF mwaka 2002) ukaisha, hakuongeza. Ana miaka 32, mwili bado upo, angeweza kupigana miaka kumi mingine. Kwangu mimi huu ndo uamuzi mkubwa kuliko yote na hausemwi sana kwa sababu hauna picha nzuri, ni mtu tu kaacha kusaini karatasi. Na haukumlipa haraka. Kwenye mabango taratibu The Rock likaanza kusogezwa pembeni mpaka kufika 2008 hivi akawa anaandikwa Dwayne Johnson kavu, washauri wakamwambia apunguze mwili, asiongelee mieleka, akaanza kucheza muvi za familia, mara malaika wa meno ya watoto (Tooth Fairy), mara baba wa mtoto wa kike (The Game Plan), mpaka 2010 kuna watu walishaanza kumhesabu kama staa aliyepita.

Sasa hapa kuna mtu wa kumtaja na watu wakisimulia hii stori wanamruka. Dany Garcia. Walikutana chuoni Miami, wakaoana 1997, wakaachana 2008. Huyu mama wakati mumewe anapigana mieleka yeye alikuwa mtu wa fedha Merrill Lynch, kazi yake ya kila siku ni kuangalia hela za watu wenye hela, zinakaa wapi na zinakua vipi. Ndoa ilipovunjika yeye ndo akachukua usimamizi wa kazi zote za Dwayne. Soma tena hapo. Wameachana halafu ndo wakawa washirika wa biashara, na wapo mpaka leo. Kwetu ukisikia watu wameachana unaanza kusikia na kesi ya nyumba, hawa waligawana ndoa wakaacha biashara iendelee kukua, na naamini kabisa kama Dwayne angebaki na mawakala wa kawaida wa Hollywood leo tungekuwa tunaongelea muigizaji mwenye hela nyingi, basi.

Mwaka 2011 wakabadilisha kila kitu. Akabadili wakala akaenda WME, Februari akarudi WWE, akaurudisha mwili kuliko mwanzo, na mwaka huo huo Fast Five ikatoka ikaingiza zaidi ya dola milioni 600 duniani. Aprili 2012 akapigana na John Cena WrestleMania ya Miami, mji wake wa chuo, na pambano likanunuliwa mara zaidi ya milioni 1.2 kwenye TV za kulipia, rekodi ya wakati ule. Utofauti na zamani ni kwamba safari hii hakurudi kama mtu wa mkataba wa kila wiki, alirudi kama mgeni mwenye bei yake, anakuja anapigana anaondoka. Na mwaka huo wa 2012 yeye na Garcia wakafungua Seven Bucks Productions. Zile dola saba.

Hapa naomba tukae kidogo maana ndo fundo lenyewe.

Muigizaji anapolipwa ule ni mshahara. Tuchukue mfano wa dola milioni 20, hesabu ya kukadiria tu. Wakala kwa kawaida anakata asilimia 10, milioni 2 zimeenda. Mwanasheria asilimia 5 hivi, milioni 1. Zimebaki 17. Serikali kuu ya Marekani kiwango cha juu cha kodi ya mapato ni asilimia 37, hapo zinaondoka kama milioni 6 na kitu, na kama unaishi California jimbo nalo lina yake inayofika asilimia 13. Unabaki na chini ya nusu, bado hujamlipa meneja, mlinzi, mpishi, mtu wa mazoezi. Ni hela nyingi sana sikatai, ila ili uipate tena lazima ukaigize tena, miezi minne tena, mwili tena, magoti tena. Mtu wa miaka 50 anaeruka kutoka kwenye magari hiyo hesabu anaijua vizuri.

Ukiwa na kampuni inayotayarisha ile muvi, mambo yanageuka. Kwanza kampuni inalipwa ada ya utayarishaji nje ya mshahara wako. Pili unaweza kujadili kipande cha mapato muvi ikivuka kiwango fulani, na Jumanji ya 2017, ambayo Seven Bucks walikuwemo, ilivuka dola milioni 900. Tatu kampuni inaweza kutengeneza vitu ambavyo wewe mwenyewe huonekani kabisa, vipindi vya TV, matangazo, na hela inaingia huku wewe upo jimu. Wakaongeza na kitu ambacho kwa wakati ule kilikuwa kigeni: jarida la Forbes waliandika 2018 kwamba Johnson kwenye mikataba ya muvi anadai malipo tofauti, ya mamilioni ya dola, kwa ajili tu ya kuitangaza hiyo muvi kwenye kurasa zake za mitandao. Yaani zamani staa anatangaza muvi kama sehemu ya kazi, yeye akasema hapana, hawa watu wanaonifuata ni kama kituo changu cha TV, ukitaka muda wa hewani unalipia.

Zikaja na kampuni za kuonyesha muvi mtandaoni. Netflix hawana tiketi za sinema za kukugawia mapato, kwa hiyo wanakulipa mzigo mzima mwanzoni kufidia kile ambacho ungekipata baadae, Red Notice peke yake Forbes walihesabu dola milioni 23.5. Ndo maana ukifuatilia orodha za Forbes za waigizaji utamuona 2016 wa kwanza kwa dola milioni 64.5, 2019 wa kwanza kwa 89.4, 2020 wa kwanza tena kwa 87.5.

Ila mwaka wa kuangalia ni 2018. Mwaka huo aliingiza dola milioni 124, na bado akawa wa pili. Wa kwanza alikuwa George Clooney na milioni 239, na Clooney hizo hela hazikutoka kwenye muvi, zilitoka kwenye pombe. Yeye na wenzake walikuwa na kampuni ya tekila, Casamigos, 2017 wakaiuza kwa Diageo, kampuni kubwa ya pombe, kwa dili la mpaka dola bilioni 1, milioni 700 mkononi na 300 zilizobaki kutegemea mauzo ya mbele. Mtu mmoja kaigiza mwaka mzima karuka kutoka kwenye maghorofa, mwingine kauza chupa, na wa chupa kampita karibu mara mbili.

Machi 2020 Johnson akatoa Teremana. Tekila kisheria lazima itoke Mexico, tena maeneo maalumu, kubwa likiwa Jalisco, inatengenezwa kwa mmea unaitwa agave ambao unaweza kuchukua miaka sita mpaka nane shambani mpaka ukomae. Jina kaunganisha neno la ardhi na mana, ambalo kwa watu wa Polinesia ni ile nguvu ya kiroho, upande wa mama yake huo. Wakati inatoka korona ndo inafunga mabaa dunia nzima, ungesema kajichimbia kaburi, lakini watu wakawa wananunua wanakunywa nyumbani na yeye ana wafuasi zaidi ya milioni 150 kwenye Instagram anaowaonyesha chupa kila wiki bila kulipa senti ya tangazo. Mwaka wa kwanza walisema wanaelekea kuuza makasha 300,000 ya lita 9, kwa kinywaji kipya hiyo ni kasi ya ajabu. Mimi kama mtu niliyelelewa kwenye nyumba isiyogusa pombe natamani lile fungu kubwa lingekuwa kwenye kitu kingine, na nasema hivo kwa moyo mmoja kwa sababu watoto wanamuangalia sana huyu mtu. Kibiashara lakini somo lake halipingiki, kalipwa kwa kumiliki.

Tofauti kwenye kodi nayo ni kubwa. Hisa zako zikipanda thamani hulipi kodi mpaka siku utakayoziuza, na ukiziuza baada ya kukaa nazo zaidi ya mwaka, kiwango cha juu cha serikali kuu ni asilimia 20 pamoja na 3.8 ya nyongeza, sio 37. Hiyo ndo sababu matajiri wa kule hawakimbilii mshahara, wanataka kipande.

Na hapo hapo ndo pa kuwa makini na zile namba mnazorushiana, mara ana milioni 800, mara ni bilionea. Kampuni kama Teremana haipo soko la hisa, hakuna bei ya kila siku, kinachofanyika ni mtu anaangalia kampuni inayofanana iliuzwa bei gani, anazidisha na idadi ya makasha, anatoa makadirio. Tuseme mtu ana asilimia 30 ya kampuni inayokadiriwa bilioni 2, kwenye karatasi ana milioni 600, lakini hiyo sio hela ya kwenda kununulia mkate, na mwaka ujao watu wakihamia kwenye kinywaji kingine inaweza ikawa nusu yake. Mapato ya mwaka ni kitu kimoja, mauzo ya kampuni ni kitu kingine, utajiri ni kitu cha tatu, na humu mitandaoni vyote vitatu vinatupwa sufuria moja.

Sio kila alichogusa kimekubali pia. Black Adam ya 2022, muvi aliyoipigania zaidi ya miaka kumi, iliingiza kama dola milioni 390 duniani, kwa bajeti iliyokuwa nayo haikutosha na mipango ya mwendelezo ikafa. Ligi ya XFL, ya mpira wa Kimarekani, nayo ina stori yake nzuri: ilianzishwa na Vince McMahon 2001 ikafa baada ya msimu mmoja, akaifufua 2020 ikacheza wiki tano korona ikaiua ikafilisika, na Agosti 2020 Johnson, Garcia na kampuni ya uwekezaji ya RedBird wakainunua kwa dola milioni 15. Yaani kijana kanunua ligi ya bosi wake wa zamani kwenye mnada wa kufilisika. Ikarudi 2023, haikusimama vizuri peke yake, 2024 ikabidi iungane na ligi nyingine, USFL, ikawa UFL. Nguo za Project Rock na Under Armour tangu 2016 zimeenda vizuri, kinywaji cha nguvu cha ZOA kilichotoka 2021 mwisho wake kampuni ya bia ya Molson Coors wakachukua umiliki mkubwa. Ndo biashara, unatupa nyavu kadhaa.

Turudi kwenye jina sasa.

Aprili 2023 Endeavor, kampuni mama ya WME, wale wale mawakala aliohamia 2011, ikatangaza kuichukua WWE, na Septemba wakaiunganisha na UFC, ile ya mapigano ya ngumi na mateke, ikazaliwa TKO Group, kampuni ya soko la hisa New York. Tarehe 23 Januari 2024, siku ile ile WWE inatangaza dili la Netflix la miaka 10 lenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 5, ikatangazwa kwamba Dwayne Johnson anaingia kwenye bodi ya wakurugenzi ya TKO. Akapewa hisa za dola milioni 30, na kampuni ikamuachia umiliki kamili wa jina The Rock. Yeye ndo anawapa sasa WWE leseni ya kulitumia kwenye bidhaa za mieleka, na wao ndo wanamlipa. Siku tatu baadae Vince McMahon akajiuzulu TKO, kutokana na kesi nzito aliyofunguliwa na mwanamke aliyewahi kuwa mfanyakazi wake.

Watu wengi waliona zile milioni 30 wakashangaa, mimi niliangalia ile orodha ya majina. Kilichorudishwa sio The Rock peke yake, ni jina kwa jina, msemo kwa msemo, Brahma Bull, People's Champion, Jabroni, mpaka ile sentensi yake ya kuuliza kama unasikia harufu ya anachopika, ile tuliyokuwa tunaipiga kelele kwenye banda bila kujua hata neno moja la Kiingereza. Na humo humo ndani limo Rocky Maivia. Rocky la baba yake, Maivia la babu yake, majina ya wazee wawili waliokufa bila kumiliki hata kona ya ulingo wa WWF, ambayo kampuni ilimvisha kijana wa miaka 24 mwaka 1996. Rocky Johnson alifariki Januari 2020 akiwa na miaka 75, hakuiona hiyo karatasi. Jina lake limerudi kwa mwanae baada ya miaka 27.